Mbwa Mzee na Chupa ya Matone

Katika miaka ya karibuni kichupa kidogo cha kioo cheusi, chenye kitonesho cha mpira, kimeanza kuingia katika nyumba za askari. Huletwa na ndugu aliyerudi likizo kutoka Ulaya au Marekani, au na mpiganaji aliyetoka mafunzoni ng'ambo, na juu yake pamechorwa mbwa anayecheka na jani lenye vidole saba. Aletaye husema kwamba hiyo ni dawa ya mbwa: huondoa maumivu ya viungo, hutuliza kifafa, humfanya mbwa mwoga asikimbie radi. Mwenye nyumba hulitazama lile jani na kulitambua mara moja, maana ndilo alilofundishwa chuoni kulikamata. Hapo maswali huanza. Je, hii ni bangi? Je, ni dawa kweli? Na mke wa polisi akimtilia mbwa wake matone matano katika uji, amevunja sheria au hakuvunja?

Maswali hayo matatu hayana jibu moja, na watu wengi hukosea kwa sababu huyajibu yote kwa pamoja.

Mmea wenyewe ni mmoja. Kilichoutenga ni kazi ya wakulima waliochagua mbegu kwa karne nyingi. Aina zilizochaguliwa kwa ajili ya nyuzi, za kusokotea kamba na kufumia matanga na magunia, hurefuka kama matete na huwa na kileo kidogo mno. Aina zilizochaguliwa kwa ajili ya kuvutwa hutoa matawi mengi na utomvu wa kunata. Kamusi huipa ile ya kwanza jina la katani, lakini kwa msomaji wa Afrika Mashariki jina hilo limekwisha kutwaliwa na mkonge, mmea ulioletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, usio na udugu wowote na bangi. Mtu asidhani basi kwamba mafuta hayo hukamuliwa katika mashamba ya Tanga. Hapa mmea huo utaitwa bangi ya nyuzi, ili pasitokee mchanganyiko.

Ndani ya mmea huo mna kemikali za ukoo mmoja zipatazo mia moja na zaidi. Zinazohusika hapa ni mbili. Ya kwanza ni ile inayolevya, ambayo kwa ufupi huandikwa THC. Ya pili ni kanabidioli, ambayo kwenye chupa huandikwa CBD, na hiyo hailevyi. Sheria ya Marekani ya mwaka 2018 iliweka mpaka kati ya bangi ya nyuzi na bangi ya kuvuta kwa hesabu tu: mmea uliokauka usiozidi sehemu 0.3 ya THC katika kila sehemu 100 za uzito wake ulihesabiwa kuwa zao la shamba kama pamba. Uliozidi hapo ulibaki kuwa dawa ya kulevya. Jicho haliwezi kuuona mpaka huo, wala pua. Ni maabara peke yake iwezayo.

Kanabidioli ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1940 na Roger Adams pamoja na wenzake katika Chuo Kikuu cha Illinois, lakini umbo lake halikujulikana barabara hadi mwaka 1963, lilipofumbuliwa na Raphael Mechoulam wa Taasisi ya Weizmann, mjini Rehovot, Israeli. Mwaka uliofuata yeye na mwenzake Yehiel Gaoni waliitenga THC. Habari ya kazi hiyo yafaa kusimuliwa katika ukurasa unaosomwa na polisi, kwa kuwa bangi iliyofanyiwa uchunguzi huo ilitoka kwa polisi. Mechoulam alipewa kilo 5 za hashishi ya Lebanoni iliyokamatwa katika magendo, akaitia mfukoni, akapanda basi kurudi maabarani, huku abiria wenzake wakiulizana ile ilikuwa harufu ya nini. Baadaye ikadhihirika kwamba aliyetoa na aliyepokea wote wawili walikuwa wamekosa, kwa sababu kibali kilipaswa kutoka Wizara ya Afya. Mtaalamu huyo aliomba radhi, akapata vibali, akaendelea na kazi hiyo hadi uzeeni. Alifariki Machi 2023 akiwa na umri wa miaka 92.

Kutokana na kazi ya wataalamu wa namna hiyo ilijulikana kwamba mwili wa mnyama, na wa binadamu vilevile, una vipokeo vyake vya kupokea kemikali za jamii hii, na kwamba mwili wenyewe hutengeneza vitu vinavyofanana nazo. Mbwa anavyo vipokeo hivyo, paka anavyo, farasi anavyo. Jambo hili wauzaji hulipenda sana, na hulikariri kana kwamba ni ushahidi wa tiba. Lakini kuwepo kwa tundu la ufunguo hakuthibitishi kwamba ufunguo wowote utaufungua mlango. Ushahidi wa dawa hupatikana kwa kuwapa wagonjwa dawa hiyo, kuwapa wengine mafuta matupu, na kulinganisha, huku mwenye mnyama wala daktari asijue nani kapewa nini.

Majaribio ya namna hiyo kwa mbwa yapo, nayo si mengi. Lililotajwa kuliko yote ni la Chuo Kikuu cha Cornell, lililochapishwa mwaka 2018. Mbwa 16 wenye ugonjwa wa viungo walipewa kanabidioli, miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku, kwa majuma manne. Na kwa majuma manne mengine wakapewa mafuta matupu. Wakati wa dawa, mbwa hao walionekana kuwa na maumivu machache na kutembea kwa wepesi zaidi. Hiyo ni habari njema, ila msomaji aongeze mambo mawili yasiyoandikwa kwenye chupa: kwamba mbwa 16 ni wachache, na kwamba kampuni iliyokuwa ikiuza mafuta hayo ndiyo iliyosaidia kulipia utafiti. Mwaka 2021 yalichapishwa majibu ya jaribio jingine, la mbwa 23 wenye ugonjwa uleule, kwa kipimo kikubwa kidogo kuliko kile cha Cornell. Humo haikuonekana tofauti yoyote kati ya dawa na mafuta matupu.

Kwa kifafa mambo ni ya kutia moyo kidogo zaidi, ingawa hapo nako pana lakini yake. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, mwaka 2019, mbwa waliokuwa wakianguka kifafa licha ya kutumia dawa za kawaida waliongezewa kanabidioli kwa majuma 12. Kwa mbwa wa katikati katika kundi hilo, idadi ya kuanguka ilipungua kwa theluthi moja. Lakini walipohesabiwa wale waliopona nusu au zaidi, idadi yao katika kundi la dawa haikupita ile ya kundi la mafuta matupu, na mbwa wawili waliondolewa katika jaribio kwa sababu ya kuyumba. Jaribio kubwa zaidi, la mbwa 51, lilichapishwa mwaka 2023. Kipimo cha miligramu 5 kwa kilo kwa siku hakikufanya lolote. Kile cha miligramu 9 kilipunguza kuanguka kwa kiasi cha robo, kikaleta na kuharisha. Mbwa wote hao waliendelea kupewa dawa zao za zamani. Hakuna aliyeachishwa fenobabitali akapewa matone badala yake, na yeyote anayefanya hivyo nyumbani anafanya jambo ambalo wataalamu wenyewe hawakuthubutu kulifanya.

Ama kuhusu woga wa radi, mizinga na fataki, jambo ambalo mbwa wa kambini hulijua sana, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 haukuona kwamba biskuti zenye kanabidioli zilipunguza hofu ya mbwa waliosikilizishwa mshindo. Biashara kubwa kabisa ya matone hayo imejengwa juu ya dai lenye ushahidi mdogo kabisa.

Ndiyo maana Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani haijakubali dawa hata moja ya kanabidioli kwa ajili ya mnyama. Kwa binadamu ilikubali moja, Epidiolex, Juni 2018, kwa kifafa kikali cha watoto cha namna mbili, tena baada ya majaribio marefu. Uingereza nako, mwaka huohuo wa 2018, idara ya dawa za mifugo ilitangaza kwamba kanabidioli kwa mnyama ni dawa, haipaswi kuuzwa bila idhini, na idhini hiyo haikuwa imetolewa kwa chupa yoyote. Katika jimbo la California ilibidi itungwe sheria mwaka 2018 ili daktari wa mifugo aweze kuizungumzia tu bangi na mwenye mnyama pasipo kuadhibiwa, na nyingine mwaka 2022 ili aweze kuipendekeza. Tena Novemba 2025 ilitiwa saini sheria ya nchi nzima ya kuibana ile tafsiri ya bangi ya nyuzi ya mwaka 2018, ikapewa mwaka mmoja kabla ya kuanza kazi. Anayeambiwa kwamba huko ng'ambo jambo hili limekwisha kuwa wazi kabisa, haambiwi kweli.

Sasa chupa yenyewe ichukuliwe na kusomwa. Mbwa wa ulinzi wa kiasi, tuseme wa kilo 30, akipewa kipimo cha Cornell, atahitaji miligramu 60 asubuhi na 60 jioni. Vichupa vingi vya dukani vina miligramu 300 kwa jumla. Gawanya: ni vipimo vitano. Chupa iliyofunguliwa Jumatatu asubuhi itakuwa tupu Jumatano asubuhi. Matone matano katika uji hayafiki hata karibu na hesabu hiyo, na mwenye mbwa anayeshukuru kwamba chupa yake imedumu miezi mitatu, na mbwa amepata nafuu, kwa hakika amemtibu mbwa kwa mafuta ya kula na kwa upendo. Kwa mshahara wa koplo, mwezi mmoja wa kipimo cha kweli ni mzigo usiobebeka.

Na hayo ni ikiwa kilichoandikwa ndicho kilichomo. Mwaka 2017 lilichapishwa jarida la madaktari wa Marekani lenye uchunguzi wa bidhaa 84 za kanabidioli zilizokuwa zikiuzwa kwa watu. Katika kila 100, bidhaa 31 tu zilikuwa na kiasi kilichoandikwa. Nyingine zilipungukiwa, nyingine zilizidi, na katika bidhaa 18 kati ya zile 84 ilikutwa THC, ile inayolevya. Pana na ujanja mwingine ulio halali kabisa: mafuta ya mbegu za bangi ya nyuzi. Hayo hukamuliwa kama mafuta ya ufuta, ni chakula kizuri, lakini karibu hayana kanabidioli. Jani hilohilo huchorwa juu yake, na bei hupandishwa ifanane.

Madhara ya kanabidioli yenyewe kwa mbwa mzima si makubwa, na haki hiyo yafaa ipewe. Huleta usingizi, kuharisha, pengine kutapika. Kipimo cha damu huonyesha kwamba kimeng'enya kimoja cha ini hupanda, na hapo ndipo mbwa anayetumia fenobabitali hupaswa kuangaliwa, kwa sababu dawa zote mbili hupitia katika ini lilelile. Paka ni mnyama mwingine kabisa. Ini lake halivunji baadhi ya dawa kama livunjavyo la mbwa, na mafuta yenye kunukia, kama yale ya maganda ya ndimu na machungwa, ambayo hutiwa katika baadhi ya chupa ili kuzipa ladha, yaweza kumdhuru. Aliye na paka na asiwaze habari ya chupa hii.

THC ndiyo yenye hatari. Mbwa ana vipokeo vingi mno katika sehemu ya nyuma ya ubongo inayotawala mizani ya mwili, kuliko alivyo binadamu, na kwa hiyo kiasi kinachomchekesha mtu humwangusha mbwa. Dalili zake hazifichiki: mbwa husimama akayumba kama mlevi, mkojo humchuruzika bila yeye kujua, hushtuka akiguswa au akisikia mlango, mwili hupoa, moyo hupiga polepole. Kwa kawaida hupona baada ya siku moja hadi tatu akiwekwa mahali penye joto na kimya na kuangaliwa na daktari. Vifo ni vichache, lakini vipo, hasa aliyekula keki au siagi iliyokolezwa. Na keki hizo zikiwa na chokoleti, au na sukari ya zilitoli inayotiwa katika peremende zisizo na sukari ya kawaida, mbwa amekula sumu mbili au tatu kwa mkupuo mmoja.

Katika nyumba za askari pana kikwazo kimoja cha pekee. Kijana wa nyumbani ameficha msokoto, mbwa ameula, na hakuna anayetaka kulisema hilo mbele ya mganga, maana baba ni sajenti. Basi daktari huelezwa kwamba mbwa amekula kitu asichokijua mtu, naye hutumia muda wake na fedha za familia kutafuta sumu ya panya, dawa ya kupe na ugonjwa wa ubongo. Daktari wa mifugo hutafuta dawa, hatafuti mshitakiwa. Aambiwe ukweli mapema, na baba amalizane na kijana wake baadaye.

Ipo pia dhana ya zamani kwamba mbwa wa ulinzi akilishwa bangi huwa mkali. Wengine huichanganya na pilipili. Mbwa aliyelishwa bangi hawi mkali. Huwa mgonjwa asiyejua aliko, na akiuma huuma kwa kushtuka, aghalabu mtoto wa nyumba aliyemkaribia. Mwizi huyo haamki kumfukuza.

Swali la sheria lina jibu fupi kuliko yote, na kwa askari ndilo zito kuliko yote. Desemba 2020, kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya ilipiga kura 27 kwa 25 kuiondoa bangi katika orodha ya dawa za hatari kubwa kabisa zisizo na faida ya tiba. Habari hiyo ilienea ikapotoka njiani, hata wengine wakadhani bangi imehalalishwa. Haikuhalalishwa, ilibaki katika orodha nyingine ya mkataba uleule wa mwaka 1961, na kila nchi ina sheria yake. Tanzania inayo ya mwaka 2015, Kenya inayo ya mwaka 1994. Uganda, sheria yake ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba Mei 2023 kwa sababu Bunge halikuwa na akidi lilipoipitisha, na wako walioshangilia. Mwaka huohuo Bunge likaitunga upya. Rwanda iliruhusu Oktoba 2020 kilimo cha bangi ya tiba kwa ajili ya kuuza nje, lakini mtu wa kawaida hakuruhusiwa kwa hilo kuitumia nyumbani. Jina la mbwa kwenye chupa halibadili kilichomo ndani yake. Chupa iliyonunuliwa kihalali katika duka la Denver yaweza kumweka mwenye nayo mahabusi pale anaposhukia ndege, na sare yake haitamsaidia. Itamwongezea shitaka la pili mbele ya mkuu wake.

Wasidhani askari wa huku kwamba wao ndio wanaobanwa peke yao. Jeshi la Marekani, katika nchi ambayo matone hayo huuzwa kwenye vituo vya petroli, liliwapiga marufuku wanajeshi wake wote Februari 2020 kutumia bidhaa yoyote ya bangi ya nyuzi. Sababu yake ni ya kijeshi na ya wazi: kipimo cha mkojo kikionyesha THC, hakuna mtu awezaye kujua kama ilitoka katika chupa ya halali au katika msokoto.

Mbwa wa kunusa wamekumbwa na msukosuko uo huo. Mbwa aliyefundishwa bangi hunusa harufu ya mmea, naye hana mizani ya kupima sehemu 0.3. Bangi ya nyuzi na bangi ya kuvuta kwake ni kitu kimoja. Baada ya sheria ya 2018, vikosi kadhaa vya polisi huko Marekani viliacha kuwafundisha mbwa wapya harufu hiyo, na baadhi ya mbwa wa zamani wakastaafishwa kabla ya wakati, maana mbwa hawezi kusahaulishwa alichokwisha kukijua. Katika jimbo la Colorado, ambako mtu mzima aliruhusiwa kumiliki bangi kidogo, Mahakama Kuu ya jimbo iliamua mwaka 2019 kwamba polisi hawakuwa na haki ya kumtumia mbwa wao, jina lake Kilo, kulinusa gari bila sababu ya kutosha ya kushuku kosa, kwa kuwa Kilo hakuweza kusema kama alichonusa ni halali au si halali. Makosa hayakuwa ya Kilo. Alifanya kazi yake sawasawa. Sheria ndiyo iliyohama chini ya miguu yake.

Basi mbwa mzee afanyiwe nini? Mchungaji wa Kijerumani aliyetumikia kikosi miaka minane, nyonga zikawa zimekwisha, asubuhi huinuka kwa miguu ya mbele kwanza na ya nyuma huiburuta. Kitu cha kwanza ni kujua kama ni uzee kweli. Katika nchi hizi kupe huleta homa ambazo huvimbisha viungo vya mbwa na kumfanya achechemee, na homa hizo zina dawa. Tone moja la damu chini ya hadubini katika kituo cha mifugo lina faida kuliko chupa kumi. Ikionekana ni viungo vyenyewe, zipo dawa za maumivu zilizofanyiwa majaribio kwa maelfu ya mbwa, kama kaprofeni na meloksikamu, ambazo daktari wa mifugo hupima kwa uzito. Asipewe dawa za maumivu za binadamu kutoka kabatini: aibuprofeni na daiklofenaki hutoboa tumbo la mbwa, na kidonge kimoja cha panadoli chatosha kumuua paka.

Lakini dawa kubwa kuliko zote haiuzwi. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliodumu miaka 14 na kuchapishwa majibu yake mwaka 2002, mbwa 48 wa aina ya Labrador waligawanywa jozi jozi tangu wakiwa wadogo. Mmoja wa kila jozi alilishwa robo pungufu ya mwenzake. Waliopunguziwa chakula waliishi karibu miaka miwili zaidi, na ugonjwa wa viungo uliwachelewa sana. Mbwa wa kikosi anapostaafu na kupelekwa nyumbani kwa mtunzaji wake, kazi hukoma lakini ugali haukomi. Kwa mwaka mmoja hunenepa, na kila kilo huingia katika nyonga mbovu. Apunguziwe sahani. Atembezwe kidogo kidogo asubuhi na jioni, asikimbizwe. Apewe gunia nene au kipande cha godoro cha kulalia, maana saruji ya kambini ni baridi na ngumu kwa mifupa yake.

Kifafa ni jambo tofauti, na hapa ndipo chupa ile yaweza kuua mtu. Vitabu vya Ulaya na Marekani humchukulia mbwa anayetetemeka na kutoa povu kuwa ana kifafa, kwa sababu huko kichaa cha mbwa kimekuwa adimu kwa mbwa wa nyumbani. Afrika Mashariki sivyo. Mbwa asiyechanjwa ambaye kwa ghafula anaanza kutetemeka, anabadilika tabia, anashindwa kumeza, anatokwa na mate, au taya linalegea, ahesabiwe kuwa na kichaa mpaka ithibitike vingine. Mama wa nyumba aliyesikia kwamba matone hutuliza kifafa atafanya nini? Atakifungua kinywa cha mbwa huyo kwa mikono yake, huku watoto wamemshika miguu, na mate yatawaingia wote katika mikwaruzo.

Mbwa wa namna hiyo asishikwe. Afungiwe mahali peke yake, na ofisi ya mifugo iarifiwe. Yeyote aliyeumwa, au aliyeingiwa na mate hayo katika kidonda, jicho au kinywa, aoshe mahali hapo kwa maji yatiririkayo na sabuni kwa dakika 15, kwa saa, si kwa kukisia, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akaanze chanjo. Dalili za kichaa zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna aliyewahi kupona. Mbwa aliyeuma lakini bado anaonekana mzima hutazamwa kwa siku 10 akiwa amefungiwa. Aliyeumwa hangoji siku hizo zipite, na chanjo yaweza kusimamishwa baadaye mbwa akithibitika kuwa salama. Cheti cha chanjo ya mbwa kiwekwe pamoja na vyeti vya watoto, mahali ambapo hata jirani atakikuta ikiwa wenye nyumba wako doria.